Nikon D90

Nikon D90 ni DSLR, yaani kamera ya dijitali yenye kioo na lenzi za kubadilisha, iliyotangazwa na kampuni ya Nikon ya Japani Agosti 2008 kwa wapenzi wa upigaji picha waliokwisha kuvuka hatua ya kujifunza. Kihisi chake cha CMOS kina megapikseli 12.3, na hupiga hadi picha 4.5 kwa sekunde.

Kilichoipa nafasi katika historia ni video: ndiyo DSLR ya kwanza kurekodi, kwa ubora wa 720p, fremu 24 kwa sekunde. Hata hivyo, lenzi hailengi yenyewe wakati wa kurekodi. Mpigaji huzungusha pete kwa mkono. Kamera ikigeuzwa upesi, nguzo na kuta huonekana zimeinama, kwa kuwa kihisi husoma picha mstari baada ya mstari.

Bodi ina mota ya kulenga, hivyo huendesha lenzi za zamani za AF (za kulenga zenyewe) ambazo kwenye Nikon D60, isiyo na mota hiyo, hulengwa kwa mkono tu. Hiyo ni faida kubwa kwa mwenye bajeti ndogo. Nikon D7000 iliirithi mwaka 2010, lakini kwa picha za kawaida penye mwanga wa kutosha D90 bado inafaa.