Pesa Sitini na Nne na Hela Mia

Wasikilizaji, mtu wa Sumbawanga asemapo kwamba hana hela, huenda hajui kuwa anataja sarafu ya Wadachi. Kabla ya hela palikuwa na pesa, na kati ya majina hayo mawili pana hesabu ambayo napenda tuifuate pamoja. Mwenye punje za ulezi karibu na azitumie kuhesabia.

Mwaka 1890 Kampuni ya Wadachi ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia zake, kwa mfano wa rupia ya Bara Hindi. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Pesa yenyewe ilikuwa ya shaba, upande mmoja tai, upande wa pili maandishi ya Kiarabu. Basi 64 ni hesabu ya ajabu. Nusu yake ni 32, kisha 16, 8, 4, 2, hata 1, wala hukati pesa vipande. Ziandike hizo sita, ukachague baadhi yake pasipo kurudia hata moja: kila deni tangu pesa 1 hata 63 utalitimiza, na kwa njia moja tu. Pesa 45 ni 32 na 8 na 4 na 1. Zikusanye zote, utapata 63. Pesa moja tu yapungua kutimia rupia.

Mwaka 1904 Serikali ya Wadachi ikaamuru rupia iwe hela 100. Mia nayo ni hesabu njema. Hugawanyika kwa 1, 2, 4, 5, 10, 20, 25 na 50, na kwa hizo hupatikana kila kiasi kilicho chini yake, hata mia yenyewe: 50 na 25 na 20 na 5. Lakini ukiikata nusu kwa nusu, baada ya 25 umekwama. Ilikuwako sarafu ya nusu hela, basi.

Shida ilikuwa katika kubadilisha. Pesa 16 ni hela 25 kamili, na pesa 8 ni hela 12 na nusu. Chini ya hapo sarafu hazikutimiza haki. Tajiri mwenye mfuko wa rupia hakudhurika. Mwenye pesa 3 kiganjani alistahili hela 4 na sehemu 11 za 16, na akipewa 4 na nusu amepunjwa. Ni kidogo, naam, lakini kodi ya nyumba ilikuwa imeanza mwaka 1898, na boma la Bismarckburg, yaani Kasanga, lilitaka rupia, ambayo maskini huikusanya kwa vichache vichache.

Mwaka 1948 mtaalamu wa Bara Hindi, A. K. Srinivasan, alizipa jina hesabu za namna ya 64 na 100: hesabu zenye kufaa. Akaonyesha kuwa fedha na vipimo vya watu vimejaa hesabu hizo, kama 4, 12, 16 na 20.

Si zote zifaazo. Itazameni 70. Huigawanya 1, 2, 5, 7, 10, 14 na 35, na jumla yake ni 74, yaani imezidi. Ili ipatikane 70 yapasa kuondoa 4. Lakini 4 haimo, na 1 na 2 ni 3 tu.