Kamba ya Miaka Kutoka Bandarini hadi Kariakoo

Mstari wa wakati ni mchoro unaopanga matukio kwa miaka, kila mwaka ukipewa nafasi sawa na mwenzake. Mwanafunzi wa historia nchini Tanzania huufahamu pamoja na mti wa ukoo na jedwali la matukio. Darasani, hata hivyo, mara nyingi huishia kuwa mstari mfupi ubaoni wenye vinundu sita vilivyoachana sawasawa, hata pale ambapo kati ya vinundu viwili ipo miaka arobaini na kati ya vingine viwili upo mmoja. Mstari wa namna hiyo ni orodha tu iliyolazwa chini. Mzazi au mlezi anayemsomesha mtoto nyumbani ana nafasi ya kufanya vizuri zaidi, kwa kuwa hana ubao wa kufuta wala kengele ya kipindi, na mstari wake unaweza kukaa ukutani mwaka mzima ukiongezwa kadi moja moja.

Elimu ya nyumbani si ngeni pwani. Kwa karne nyingi watoto wa pwani ya Mrima walisoma chuoni, yaani katika ukumbi au baraza ya nyumba ya mwalimu. Kupanga historia kwa zamu si kugeni pia. Habari za Pate huwataja watawala mmoja baada ya mwingine na miaka waliyokaa madarakani, na tarikh ya Kilwa hufuata nasaba za masultani. Kinachokosekana humo ni kipimo cha macho, kwani sultani wa miaka miwili na yule wa miaka ishirini wanaweza kupata sentensi moja moja. Kipimo hicho kilipata umaarufu Ulaya mwaka 1765, pale Joseph Priestley, mwalimu wa Kiingereza, alipochapisha chati ya watu mashuhuri wapatao 2,000, maisha ya kila mmoja yakiwa mstari wenye urefu wa umri wake. Mwishoni mwa karne ya 19 Charlotte Mason, aliyetoa kitabu chake cha elimu ya nyumbani mwaka 1886, aliwavuta wazazi wa Uingereza kwenye mtindo wa kusomesha watoto nyumbani, na katika mtindo huo kila mtoto alikuja kuwa na daftari la karne alilolijaza kwa michoro yake mwenyewe.

Kwa mtoto wa Dar es Salaam, hakuna mahali panapofaa mstari huu kuliko kipande cha mji kinachoanzia bandarini hadi Kariakoo. Ni kifupi kiasi cha kutembewa asubuhi moja, na historia yake iliyoandikwa inaenea kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kadi hukatwa kutoka maboksi ya dukani na kushikizwa kwa vibanio. Kila mwaka ukipewa sentimita 2, miaka 162 kati ya 1862 na 2024 inachukua mita 3 na sentimita 24, takriban urefu wa ukuta wa chumba.

Kibanio cha kwanza kinakaa 1862, mwaka unaotajwa zaidi kuwa mwanzo wa mpango wa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar wa kujenga mji mpya kwenye ghuba iliyojificha karibu na kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Ujenzi ulishika kasi miaka ya 1865 na 1866. Jengo lililojulikana baadaye kama Boma la Kale, lenye kuta za mawe ya matumbawe na milango ya Kizanzibari, lilijengwa wakati huo kwa ajili ya wageni wa sultani, na bado limesimama likitazama bandari. Majid alifariki mwaka 1870. Ndugu yake Barghash hakuutaka mji huo, akabaki Zanzibar.

Hapa ndipo kamba inapoanza kufundisha kitu ambacho orodha haiwezi. Mji wa Majid unachukua sentimita 16 tu, na baada yake kuna sentimita 34 zinazokaribia kuwa tupu, hadi 1887, mwaka ambao Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilifungua kituo hapo. Kadi pekee yenye uzito katikati ni ya mwaka 1877, ilipoanza kujengwa barabara ya mfanyabiashara wa Kiskoti William Mackinnon kuelekea bara, nayo iliachwa baada ya miaka michache. Vitabu vingi huruka kutoka kwa Majid hadi kwa Wajerumani kana kwamba mmoja alimkabidhi mwingine funguo. Mtoto anayepima pengo hilo kwa rula atauliza watu waliishije ndani yake. Jibu ni kwamba waliobaki waliendelea kuvua na kulima huku majengo ya sultani yakibomoka.

Katika nyumba nyingi za Kariakoo kalenda ukutani huwa na tarehe za miladi na za Hijria, na kamba yafaa iwe hivyo. Kadi za rangi nyingine zinaweza kuning'inia chini ya zile za kwanza: Majid alikufa mwaka 1287 wa Hijria, na utenzi wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy kuhusu Wadachi (yaani Wajerumani) kutamalaki Mrima hutajwa kwa mwaka 1307. Kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi, kipande kilekile cha miaka 162 kinabeba takriban miaka 167 ya Hijria. Mtoto wa miaka tisa akizihesabu kadi za safu zote mbili huuelewa upesi mwaka wa mwezi na mwaka wa jua.

Makao makuu ya utawala wa Kijerumani yalihamia Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Utawala huo ulidumu hapo hadi tarehe 4 Septemba 1916, Waingereza walipoingia mjini: miaka 25, nusu mita ya kamba. Wengi hushangaa ulivyo mfupi, maana alama zake mbele ya bandari ni nyingi, zikiwemo Hospitali ya Ocean Road ya mwaka 1897 na makanisa mawili, la Azania Front na la Mtakatifu Yosefu, yaliyokamilika mwanzoni mwa karne ya 20. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka bandarini mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Fedha nazo zinafaa kwa watoto wadogo ambao bado hawasomi sana: picha ya heller ianze 1904, shilingi ya Afrika Mashariki ianze 1921, na ya Tanzania 1966.

Miaka ya Vita Kuu ya Kwanza inahitaji kamba yake, kwani kwa kipimo cha sentimita 2 mambo yaliyoijenga Kariakoo yanabanana hadi hayasomeki. Kamba ya pili, ya kuanzia 1914 hadi 1923 kwa sentimita 10 kila mwaka, inatosha. Kabla ya vita Wajerumani walikuwa wamepanga mji wa Waafrika wenye mitaa iliyonyooka, pamoja na jengo la soko. Vita vikalikuta jengo hilo kabla halijaanza kazi yake. Waingereza walipouteka mji waliligeuza eneo hilo kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, wale wa Carrier Corps, ambao jina la kikosi chao likabaki kuwa jina la mtaa. Bandari ikawa kituo cha kupeleka askari na shehena kusini, Kilwa na Lindi, na kutoka huko mizigo iliendelea vichwani mwa watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo vya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Ushahidi wa vita hivyo uko kwenye mitaa ya Kariakoo yenyewe. Narung'ombe, Tandamti na Mahiwa, ambako leo watu hununua vitambaa, vyombo na simu, ni majina ya mapigano ya kusini mwaka 1917: Narung'ombe Julai, Tandamti Agosti, Mahiwa Oktoba. Mahiwa lilikuwa miongoni mwa mapigano yaliyoua watu wengi zaidi katika vita vyote vya eneo hili. Matembezi ya kutafuta mitaa hiyo mitatu ni somo kamili. Mtoto anaiona mitaa kwa mpangilio wa ramani, kisha akirudi nyumbani anaipanga upya kwa mpangilio wa miezi. Soko lilifunguliwa kwa wananchi mwaka 1923, na sanamu ya Askari ikawekwa katikati ya mji mwaka 1927, mahali ilipokuwa ya kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann.

Kipindi cha Waingereza kinachukua sentimita 90, na hapo mbinu ya Priestley ya kuchora maisha ya watu ndiyo inayofaa zaidi. Ukoo wa Sykes unaunganisha mwanzo na mwisho wa mstari bila kulazimisha. Sykes Mbuwane alikuja kutoka Msumbiji akiwa askari wa Wissmann. Mwanawe Kleist, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, alipigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, akafanya kazi reli chini ya Waingereza, na mwaka 1929 akawa miongoni mwa waasisi wa African Association. Alifariki mwaka 1949. Mwanawe Abdulwahid, aliyezaliwa 1924, alipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, upande wa Waingereza, akawa katibu wa chama cha makuli wa bandari mwaka 1948, kisha msimamizi wa Soko la Kariakoo. Mwaka 1953 Julius Nyerere alichukua nafasi yake kuwa rais wa TAA, chama kilichotokana na African Association, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikaundwa katika ofisi ya Mtaa wa New Street, ambao sasa ni Lumumba. Mistari ya baba na mwana inapandana kwa miaka 25, na baba na mwana hao walitumikia majeshi ya mataifa mawili yaliyokuwa maadui. Vitabu vya shule bado havijamtendea haki Abdulwahid, na pengine kamba ya nyumbani ndiyo njia rahisi ya kumpa nafasi.

Makuli wenyewe wanastahili kadi zao. Hadi miaka ya 1950 meli kubwa zilitia nanga ndani ya ghuba, na mizigo ikashushwa kwa tishali hadi ufukoni, ikapandishwa kwa mabega. Gati za kwanza za kina kirefu zilifunguliwa mwaka 1956. Kabla ya hapo makuli waligoma mwaka 1939, 1943 na 1947, na mgomo wa 1947 ulisambaa kwa kufuata reli hadi miji ya bara. Ukipangwa kwenye kamba, unaonekana umeitangulia TANU kwa miaka saba. Mtoto mkubwa anaweza kusoma pia riwaya ya Adam Shafi, *Kuli*, inayohusu mgomo wa Zanzibar wa 1948.

Uhuru, kuanzia 1961 hadi 2024, unashika mita 1 na sentimita 26, urefu unaopungua kidogo tu ule wa utawala wa Wajerumani na wa Waingereza kwa pamoja. Bomba la mafuta la TAZAMA la 1968 na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa 1976 viliifanya bandari kuwa mlango wa Zambia. Soko jipya la Kariakoo, la chini ya ardhi na la ghorofa, lililochorwa na Beda Amuli kwa nguzo za zege zenye umbo la miavuli, lilifunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021.

Kadi mbili za reli zifungwe kwa rangi moja. Ile ya 1905 ilifika Morogoro kwa miaka miwili. Ile ya kisasa, SGR, iliyoanza kujengwa 2017, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, yaani miaka saba. Swali la mtoto linajulikana kabla halijaulizwa, na majibu yapo: ya kwanza ilikuwa njia nyembamba ya mita moja iliyofuata mikunjo ya ardhi na kujengwa kwa vibarua wa ujira duni, ya pili ni ya umeme, pana zaidi, yenye madaraja marefu katikati ya mji uliokwisha kujaa.