Ngitili Kabla ya Sera

Wasukuma wa Shinyanga walikuwa na sera yao ya kukabili ukame muda mrefu kabla Ofisi ya Makamu wa Rais haijatoa mkakati wa taifa wa mabadiliko ya tabianchi mwaka 2012. Nalisema hili kwa upendeleo, maana nimekulia huko Shinyanga.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Majani huachwa yarefuke, yakauke yakiwa yamesimama. Kiangazi kikikaza, mwenyewe hulifungua kidogo kidogo, wakianza ndama, ng'ombe wanaokamuliwa na maksai wa kulimia. Babu alikuwa na yake nyuma ya mji wake. Ng'ombe wa jirani wakiingia, hakuna aliyekimbilia polisi. Shauri lilipelekwa dagashida, mkutano wa watu wote, na faini ikalipwa palepale. Hata shemeji yake alilipa.

Waingereza ndio walioanza kufyeka mapori kwa wingi, kati ya miaka ya 1920 na 1940, wakipigana na mbung'o. Pamba ikala sehemu kubwa ya yaliyosalia. Ila kwangu mimi pigo zito zaidi lilikuwa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Kaya zilihamishwa, ngitili zikabaki mbali na wenyewe, na ngitili isiyo na jicho la mwenyewe ni malisho ya kila apitaye. Mkoa ukawa mweupe, hadi Mwalimu Nyerere akauita jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni mradi ulikazania miche ya kitaluni, tena mingi ya miti ya kigeni. Wafugaji walitaka migunga yao na majani yao, na kwa sifa ya mabwana miti wa mradi, walisikiliza. Mradi ulipoanza, ngitili zilizokuwa zikijulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Sehemu kubwa haikupandwa. Ilifungwa tu, visiki vikachipua. Walinzi walikuwa sungusungu wa vijiji, na hakimu alikuwa dagashida ileile.

Kisha ikaja biashara ya hewaukaa. Mwaka 2008 Norway iliahidi kroni milioni 500 kwa Tanzania, na miradi ya majaribio ya MKUHUMI, mpango wa kupunguza hewaukaa itokanayo na ukataji miti na uharibifu wa misitu, ikafika hadi kwenye ngitili zetu. Mikutanoni wazee waliuliza swali la kisheria kabisa: fedha zikija, ni za mwenye ngitili, za kijiji au za wizara? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila, lakini ngitili ya ukoo wetu haina hati. Mjomba, ambaye ndiye mlinzi wake sasa, anataka ipimwe kwanza, ndipo azungumze na mtu yeyote habari za kuuza hewa.