Mbwa Aliyepewa Jina la Washenzi

Neno muungwana na neno mshenzi yalifika Maniema katika mzigo mmoja. Kwani tangu Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ndiye Tippu Tip, mfanyabiashara wa Unguja, alipoishika Kasongo katika miaka ya 1870, aliyevaa kanzu na kusema lugha ya pwani alihesabiwa muungwana, na aliyebaki na mila za babu zake msituni akaitwa mshenzi. Neno hilo la pili lilipoingia Kilingala likawa basenji, na kwa jina hilo ulimwengu unamjua mbwa wa misitu yetu, ambaye hakumkosea mtu hata atukanwe.

Georg Schweinfurth, mwanachuoni wa mimea aliyesafiri kati ya 1868 na 1871, alimkuta kwa Wazande, mdogo, mkia umejikunja juu ya mgongo, amefungwa shingoni njuga ya mti asipotee katika nyasi ndefu. Na njuga hiyo ina maana kubwa, maana basenji habweki: mwindaji aliyetega nyavu hana njia nyingine ya kujua mbwa wake yu wapi. Wala si bubu. Akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka, mithili ya mtu anayeghani. Hujilamba mwili mzima kama paka, hana harufu, na jike hupata mimba kwa msimu mmoja tu katika mwaka. Ni mwerevu, tena ana kiburi: humtii ampendaye, si ampigaye, na akimwona panya wa mwituni hasikii mwito wa mtu. Kumfunga kamba mchana kutwa ni kumdhulumu.

Mwaka 1895 wawili walipelekwa Uingereza, wakaonyeshwa kwa jina la teria wa Kongo, wakafa kwa distempa. Bibi Olivia Burn ndiye aliyefaulu kuwatunza huko, akawaonyesha katika maonyesho ya mbwa ya Crufts mwaka 1937. Lakini kizazi cha Uingereza na cha Marekani kilitokana na mbwa wachache mno, na maradhi ya figo yaitwayo Fanconi, yamwagayo sukari katika mkojo, yakaenea, hata Wamarekani wakalazimika kurudi Zaire mwaka 1987 na 1988 kutafuta damu mpya.

Basi amfugaye hapa Kindu, kando ya Lualaba, asidhani kwamba kuzaliwa msituni kunamkinga mbwa wake: na amchanje angali mtoto, dhidi ya kichaa cha mbwa na distempa pia, kwani ugonjwa uliowaua wale wawili ungali unazunguka.