Karatasi iliyokata kikwembe cha mama

Wandugu, zamu ya historia imenifikia, na mimi naleta gauni. Msicheke kwanza.

Nilianza kushona juu ya bei. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa caguwa, ndiyo mitumba, kutoka dola 0.20 mpaka dola 2.50 kwa kilo. Marekani haikufurahi: Julai 2018 ikasimamisha nafuu ya nguo za Rwanda kuingia kwake bila ushuru. Wakubwa wakabishana, sisi tukabaki tunahesabu sarafu sokoni. Basi nikanunua patroni mjini, bahasha ya Ulaya yenye picha ya msichana mwembamba, nikasema nitajishonea nyumbani.

Hii karatasi ina hadithi yake. Zamani kipimo kilikaa kichwani mwa fundi. Huko Marekani patroni zilikuwepo, lakini nyingi zilikuwa za saizi moja. Kama mwili wako ni mwingine, ukuze au upunguze mwenyewe. Mwaka 1863 fundi mmoja wa Sterling, Massachusetts, Ebenezer Butterick, akaanza kuuza za saizi mbalimbali. Inasimuliwa wazo lilitoka kwa mke wake, Ellen, aliyechoka kuhangaika na kipimo cha nguo za mtoto wao. Jina lililobaki kwenye bahasha ni la mume, si mnajua mambo hayo. Karatasi zenyewe zilikuwa laini, zina vitobo tu badala ya mistari, na mtu alipaswa kukisia kitobo gani ni cha nini.

Mimi nampenda zaidi Aenne Burda wa Offenburg, Ujerumani. Mwaka 1950, nchi yake imetoka vitani juzi tu, alianzisha gazeti la mitindo, na miaka miwili baadaye likaanza kubeba patroni ndani. Wanawake wenye pesa kidogo wakavaa vizuri kwa mikono yao.

Sasa hapa njo nilipoanguka. Patroni nyingi za Marekani zina nafasi ya kushonea tayari, kama sentimita 1.5 kila upande. Nyingi za Ulaya hazina, unaongeza mwenyewe. Kwenye bahasha yangu iliandikwa kwa Kifaransa, na Kifaransa nakisoma, lakini haraka! Nikakata kwenye mstari kabisa. Na nilichokata ni kikwembe cha mama, kile alichovuka nacho mpaka mwaka 2012, amekifunga kiunoni.

Gauni likagoma mabegani. Tena ndege wa mgongoni wakatoka kichwa chini, juu nilipanga vipande bila kuangalia picha ya kitambaa.

Mama hakupiga kelele. Alilitazama, akauliza, "Hiyo karatasi ilikupima lini?" Kisha akanipeleka kwa fundi wa Kimironko, naye akafungua pembeni, akatia vipande vya rangi nyeusi kutoka kwapani hadi chini. Hakutumia karatasi yoyote. Alinizungushia futi mara tatu tu.

Ile patroni bado ninayo. Nimeichora upya kwenye mfuko wa simenti, na nafasi yake nimeongeza. Kikwembe kimebaki kama mita mbili. Mama anataka blauzi, ila amesema makasi atashika yeye.