Marejeo ya IEEE: usipange kwa alfabeti

Wadau, mi nimeishia fomu foo, ila nachapa kazi za wanachuo hapa kafe na hili limenitoa jasho.

Majarida ya IEEE, taasisi ya wahandisi iliyoundwa 1963, hupanga marejeo kwa kufuata yanavyotajwa. Chanzo cha kwanza ni [1], kinachofuata [2]. Ukikitaja tena cha kwanza ukurasa wa kumi, kinabaki [1].

Mteja mmoja aliongeza chanzo katikati usiku wa mwisho. Nikarekebisha orodha, nikasahau namba zilizomo ndani ya makala. Kuanzia [4] kila hoja ikawa ya mtu mwingine! Makala ikarudishwa, na hela yake nikarudisha.

Majina nayo: herufi za mwanzo zinatangulia, yaani C. E. Shannon. Kichwa cha makala kinawekwa kwenye alama za kunukuu. Jina la jarida linalazwa na kufupishwa. Lile alilochapishia Shannon 1948 huandikwa Bell Syst. Tech. J. Waandishi wakizidi sita, taja wa kwanza tu, kisha et al.

Siku hizi natumia Zotero, programu ya bure. Ukichomeka chanzo kipya, inapanga namba zote upya. Ila ukiilisha jina kinyume, nayo inakutolea kinyume.