Dürer na fomula iliyofichwa

Wiki jana nilijaribu kuchora mtu wa kuweka kwenye programu ninayotengeneza. Kichwa kikatoka kama boga, mikono ikaishia kiunoni. Nikaenda kutafuta vipimo vya mwili, nikakutana na kisa cha zamani ambacho wapenzi wa programu huria watakifurahia.

Karibu mwaka 1500, Albrecht Dürer, mchoraji Mjerumani wa mji wa Nuremberg, alikutana na mchoraji Mwitaliano aitwaye Jacopo de' Barbari. Jacopo akamwonyesha mwanamume na mwanamke aliowachora kwa vipimo. Dürer akaomba afundishwe. Jacopo hakutaka kumweleza njia yake waziwazi. Yaani kaonyeshwa programu inafanya kazi, msimbo kanyimwa!

Dürer hakukata tamaa. Alimsoma Vitruvius, Mrumi wa kale aliyeandika kwamba kichwa, toka kidevuni hadi utosini, ni sehemu 1 kwa 8 ya urefu wa mtu. Kisha akaanza kupima watu wenyewe: wanene, wembamba, wanaume kwa wanawake. Ile fomula moja haikupatikana. Alichopata ni maumbo mengi: huyu mnene urefu wake vichwa 7, yule mwembamba vichwa 10. Ndiyo maana sehemu ya tatu ya kitabu chake inafundisha namna ya kubadilisha vipimo, kurefusha hapa na kupunguza pale. Sisi tungeviita vigeu, kama x na y za darasani.

Kitabu kilitoka 1528, miezi michache baada ya yeye kufariki, mkewe Agnes akigharamia uchapishaji. Kiliandikwa kwa Kijerumani, si Kilatini cha wasomi. Kila alichonyimwa na Jacopo, na zaidi, kikawekwa wazi.

Lakini kuna jambo linaniudhi. Humo humo aliandika kwamba nyuso za watu weusi ni nadra kuwa nzuri, kwa sababu ya pua na midomo, ingawa alikiri kuona miongoni mwao miili iliyoumbika hata hajaona bora zaidi. Na huyu ndiye aliyemchora Katharina, Mwafrika wa miaka 20, huko Antwerp mwaka 1521! Itazame picha hiyo. Mkono wake ulikuwa mwadilifu kuliko kalamu yake ya kuandikia.

Mtu wangu sasa ana vichwa 7 na nusu, na vidole vinafika katikati ya paja. Bado anatembea kama mlevi. Mwendo uko sehemu ya nne, sijafika huko.